Tuta moja kwanza: kulima bila dawa za dukani kwenye ploti ndogo

Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mnaowasomea wazee gazeti hili jioni, mwezi huu tunaongea habari za shamba. Si shamba la mtu mwenye trekta. Ni hii ploti ya nyuma ya nyumba, ambayo wengi wetu hapa Nakivale tumebaki nayo kama tegemeo.

Nianze na langu mwenyewe, hata kama linanitia haya.

Msimu mmoja wa mvua ya Machi nilikuwa na lenga-lenga nzuri sana, majani mapana, kila jirani anapita anasifu. Halafu wakaingia vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojibana chini ya majani. Nikaenda sokoni. Kulikuwa na kijana anauza dawa ya wadudu kwa kupima, anaitoa kwenye dumu kubwa na kukumiminia kwenye chupa ya soda. Hakuna karatasi, hakuna jina la dawa. Akaniambia, "Mama, tia kifuniko kimoja kwa bidoni moja ya maji, utaniambia." Mimi nikatia viwili. Nilifikiri viwili vina nguvu kuliko kimoja.

Baada ya siku mbili wadudu hawapo. Nikachuma, nikapika, tukala na ugali. Usiku ule watoto wangu wawili wakaanza kutapika. Mate yaliwatoka bila kukoma, jasho likawatiririka, na yule mdogo kiini cha jicho kilikuwa kimesinyaa kama ncha ya sindano. Tulimbeba mgongoni, baba yake akambeba mwingine, mpaka kituo cha afya. Muuguzi akauliza, "Mama, wamekula dawa gani?" Nikamwonyesha ile chupa. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii ni soda gani, mama?" Hakuwa anatania. Bila jina la dawa ilibidi aanze kutibu kwa kubahatisha kutokana na dalili alizoziona.

Watoto walipona, namshukuru Mungu. Lakini siku nne nilizokaa kwenye ile benchi ya kituo ndizo zilizonipeleka kwenye kikundi ninachotaka kuwasimulia.

Kabla sijaendelea, mama yeyote ashike haya. Mtu akimeza dawa ya shamba, usimtapishe kwa nguvu na usimpe maziwa ukidhani yanaondoa sumu. Ikiwa imemwagikia mwilini, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Mkimbize kituoni na uchukue chombo cha dawa. Na ikiwa ni lazima ununue, nunua chupa yenye karatasi yake. Chini ya karatasi hiyo mara nyingi kuna mstari wa rangi: mwekundu ndiyo sumu kali kupita zote, wa njano unafuata, kisha wa bluu, na wa kijani ndio wa chini. Karatasi hiyo hiyo inaeleza ungoje siku ngapi kabla ya kuchuma. Mimi siku hizo sikuzijua, maana chupa ya soda haiziandiki.

Tulifikaje hapo

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa mwanzo. Kwa hiyo udongo tunaoulima umelimwa na mikono mingi, msimu juu ya msimu, mahindi juu ya mahindi. Waliofika zamani walipimiwa mashamba mapana. Sisi wa nyuma tunapata kidogo. Ploti yangu ni mita 30 kwa 30, na nyumba, choo na jiko vimo humo humo. Kwetu Masisi ulikuwa unatupa maharagi kwenye udongo mweusi wa volkano, unakwenda zako. Hapa unayapanda kwa adabu zote, yanatoka ya manjano kama mtu mwenye malaria.

Na rasheni mnaijua habari yake. Mwaka 2023 WFP ilianza kutupanga katika makundi matatu kufuatana na uhitaji, na mwaka 2025 familia nyingi za wakimbizi hapa Uganda ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Yetu ilikuwa mojawapo. Ndipo wengi tukakimbilia mkopo: mbegu ya mkopo, mbolea ya mkopo, dawa ya mkopo. Mvua ikikatika, mahindi yanakauka, lakini mwenye deni hakauki. Asubuhi yuko mlangoni anabisha.

Bwana shamba asiyeleta kitu

Kikundi chetu tuko watu 22, Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, wengi akina mama. Bwana shamba anayetufuata alichokwa na watu wengi mwanzoni, kwa sababu haleti kitu. Hana mbegu za bure, hana majembe, hata t-shirt hana. Anakuja na maswali tu. "Mnaona nini hapa? Huyu mdudu anakula nini? Jana alikuwa wapi?" Baba mmoja alinung'unika kwamba tumeletewa mtoto wa kutuuliza maswali badala ya msaada.

Kumbe ndiyo njia yenyewe. Inaitwa shamba darasa. Ilianza Indonesia mwaka 1989, FAO ilipokuwa inasaidia wakulima wa mpunga. Walikuwa wanapuliza dawa nyingi, na bado wadudu wanazidi, kwa sababu dawa iliua pia buibui na wadudu wengine wanaokula wale waharibifu. Wakulima walifundishwa kuingia shambani kila wiki, kuhesabu wadudu wabaya na wazuri, na kuamua wenyewe. Njia hiyo ikafika Kenya na Uganda miaka ya 1990.

Sisi tulifanya hivi. Kwenye kipande cha mama mmoja tulipima matuta mawili sawasawa, mita moja kwa mita tano, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. La kwanza tulilima kwa mbolea na dawa za dukani. La pili kwa mboji, majani na majivu. Mbegu moja, siku moja ya kupanda. Kila Alhamisi tulisimama hapo tukiangalia na kubishana.

Hapa sitawadanganya. Msimu wa kwanza tuta la dukani lilishinda. Lilitoa maharagi mengi kuliko letu la mboji. Wawili wakaacha kikundi siku hiyo hiyo. Lakini tulipokaa chini na kutoa gharama ya mbolea na dawa, kwa bei ya maharagi sokoni, ile ziada ikaisha, na tukaingia mpaka kwenye mavuno yaliyobaki. Msimu wa pili mvua ilikata majuma matatu, maharagi yakiwa yanatoa maua. Tuta la dukani likapasuka nyufa. Lile la mboji, lililofunikwa majani makavu, ukiingiza kidole unakuta ubichi. Siku hiyo hakuna aliyebishana. Msimu wa tatu matuta yalikaribiana, na mwenye nyumba akasema lile la dukani tulifute, limekula pesa yake ya sabuni.

Tulichojifunza ni kwamba udongo uliochoka hauponi kwa msimu mmoja. Ndiyo maana mtu asigeuze ploti yote kwa mara moja. Bwana shamba alitusimulia kisa cha Sri Lanka: mwaka 2021 serikali ya huko ilizuia ghafla kuingiza mbolea na dawa za viwandani, nchi nzima, bila wakulima kuwa na mboji ya kutosha wala muda wa kujifunza. Mavuno ya mpunga yakaanguka, watu wakaandamana, na kabla mwaka haujaisha serikali ikalegeza amri yake. Kama nchi nzima ilijikwaa kwa haraka, sembuse mama mwenye watoto sita. Anza na tuta moja. Mengine uendelee nayo ulivyozoea mpaka macho yako yaone.

Mboji, na jinsi yangu ilivyooza vibaya

Rundo langu la kwanza lilinuka mpaka mama mkwe akahamishia kiti chake upande wa pili wa nyumba. Nilirundika majani mabichi peke yake, yakafanya uji. La pili nikaweka mabua makavu peke yake, likakaa miezi minne vile vile, panya wakazaa humo.

Rundo zuri ni la kupangwa kama mikeka. Chini weka vijiti vya kupitisha hewa. Juu yake mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha majani mabichi, kisha samadi kidogo ya mbuzi au kuku, kisha udongo wa juu na majivu kidogo, kisha maji. Unarudia mpaka lifike kifuani. Funika kwa majani ya mgomba, liwe kivulini. Katikati chomeka fimbo ndefu. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto na yenye unyevu, rundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, tia maji. Ikiwa inanuka, limelowa mno, ongeza makavu. Baada ya majuma matatu lipindue, la nje liingie ndani. Miezi miwili mpaka mitatu utakuwa na kitu cheusi kinachonuka kama msitu baada ya mvua.

Samadi mbichi usiitie moja kwa moja kwenye mimea, inaunguza. Na tafadhali tuache kuchoma mabua. Najua kila mtu anachoma, moto unasafisha haraka, lakini unapunguza chakula cha udongo kwa dakika kumi.

Kuna mti mmoja mnaupita kila siku kando ya barabara, wenye maua ya manjano kama alizeti ndogo. Wengi wanaukata kwa kuni au uzio basi. Majani yake yana nitrojeni na potasiamu nyingi. Tunayakata mabichi na kuyafukia kwenye udongo juma moja au mawili kabla ya kupanda, au tunayajaza kwenye ndoo, tunatia maji, tunakoroga kila baada ya siku mbili. Baada ya majuma mawili maji yanakuwa ya kahawia, kopo moja tunachanganya na makopo mawili ya maji, tunamwagilia shinani. Harufu yake, jamani, sitaificha. Fanya mbali na jiko.

Mbolea nyingine ipo ndani ya nyumba, na hapo ndipo palikuwa na vita. Ni mkojo. Nilipoleta bidoni ya kuwekea, mama mkwe alinitazama. "Mkamwana wangu, tumekimbia vita, tumelala njiani, sasa unataka tule mkojo?" Nikamwambia, "Mama, hatuli. Ni mahindi ndiyo yanakunywa." Hakujibu. Mkojo tunaufunga kwenye bidoni yenye kifuniko kwa mwezi mzima, kisha kopo moja kwa makopo matano ya maji, unachimba kijifereji kando ya shina, unamimina, unafukia. Si juu ya majani, na si kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Mwezi mmoja kabla ya kuvuna unaacha. Mahindi yale yaligeuka kijani cha giza ndani ya siku kumi. Siku moja nikamkuta mama mkwe mwenyewe anawauliza wajukuu kama wamekojoa kwenye bidoni au wameenda kupoteza porini.

Tena kitu kimoja ambacho kiliwashangaza hata wazee. Ng'oa mharagi mmoja unapotoa maua, uoshe mizizi. Utaona vinundu vidogo kama shanga. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, mharagi unavuta nitrojeni kutoka hewani na kuiweka kwenye mizizi. Kwa hiyo wakati wa kuvuna tunakata shina, mizizi tunaiacha ardhini, na msimu unaofuata mahindi yanapandwa hapo.

Viwavi, na dawa za miti shamba

Viwavijeshi vamizi, wale wanaojificha kwenye moyo wa mhindi, hawakuwa wa kwetu. Walionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, wakitoka Amerika, na hapa Uganda wakatangazwa mwaka 2017. Wengi wanapuliza dawa pale wanapoona majani yametobolewa vibaya. Wakati huo kiwavi ameshakuwa mkubwa, yuko ndani kabisa, amejifunika kwa kinyesi chake mwenyewe, dawa haimfikii.

Sisi tunatembea kati ya mahindi mara mbili kwa juma tangu yanapofika kwenye kifundo cha mguu. Mayai yake ni fungu dogo lenye kitu kama pamba, mara nyingi chini ya jani. Yakisuguliwa kwa vidole yamekwisha. Viwavi wadogo wanaacha alama kama dirisha kwenye jani. Hapo unatia kidole kimoja cha majivu au mchanga mkavu laini katikati ya moyo wa mhindi. Watoto wanapenda kazi hiyo, tunawahesabia mayai nani amepata mengi. Kwa shamba la hekta kumi ingekuwa utani. Kwa ploti ya mita 30 ni nusu saa.

Kwa vidukari, vile vilivyonipeleka kwenye chupa ya soda, kumbe yalitosha maji na sabuni kidogo ya kipande, unanyunyizia chini ya majani jioni. Nikikumbuka hilo naumia.

Lakini jamani, tusiseme kwamba kila kitu cha porini hakina madhara. Utupa ni dawa nzuri ya wadudu, na ndio mmea ambao wazee waliutwanga wakautia mtoni samaki wakaelea. Ukiutumia, usiuoshe karibu na ziwa wala bwawa. Maji ya tumbaku ni sumu hata kwa mtu, mimi siyatumii kabisa kwenye mboga. Dawa yoyote unayotengeneza, iandike jina na iwe mbali na watoto, sawa na ya dukani.

Watu wananiuliza pia habari ya kule Kenya, ambako watafiti wa icipe tangu miaka ya 1990 wanapanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya mifugo pembeni. Desmodiamu inafukuza vipepeo wa viwavi na kuzuia kiduha, na yale ya pembeni yanawavuta nje. Ni kitu cha kweli na kinafanya kazi. Ila bila mbuzi au ng'ombe wa kula hayo majani, na kwa ploti kama yangu, sijaona nafasi. Mwenye mifugo ajaribu.

Mgomba hauna dawa

Kuhusu mnyauko wa migomba nitaongea kwa ukali kidogo, kwa sababu mwaka jana watu waliuziwa maji ya rangi kwa jina la dawa. Ugonjwa huu ulionekana Uganda mwaka 2001. Majani yanalegea kama yamemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Hakuna dawa ya dukani inayoutibu. Hakuna. Kinachosaidia ni mikono: kata shina lililougua usawa wa ardhi, lile moja tu, usihangaike kung'oa shina zima la ukoo wake, na uendelee kukagua kila juma. Ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu uling'oe kwa kijiti chenye pacha, si kwa panga, maana wadudu wanaolitembelea ndio wanaoleta ugonjwa na panga ndilo linalouhamisha. Panga likimaliza mgomba mmoja lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mwingine.

Na hili halifanyiki peke yako. Ukisafisha migomba yako na jirani hasafishi, umefanya bure. Kijiji chetu tulipita nyumba kwa nyumba, na zipo nyumba mbili ambazo mpaka leo hazikubali. Tunaendelea kuongea nao.

Mavuno yanalala wapi

Nyumba zetu ni chumba kimoja au viwili. Gunia la maharagi linalala pale watoto wanapolala. Sasa kuna watu wanatia vile vidonge vya kuua wadudu wa nafaka. Wapendwa, vidonge hivyo vinatoa hewa ya sumu inayoua mtu akiwa usingizini. Visiingie kamwe kwenye nyumba ya kulala. Afadhali wadudu wale gunia zima.

Njia yetu ni bidoni. Iwe safi, isiwe iliwahi kubeba dawa wala petroli. Maharagi yakaushwe sana. Kujua kama yamekauka, tia kiganja cha maharagi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika kama kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani. Yakiwa tayari, jaza bidoni mpaka mdomoni, gongagonga yashuke, jaza tena, funga kwa nguvu na uzibe kifuniko kwa nta ya mshumaa. Wadudu walio ndani wanamaliza hewa na kufa. Usifungue kila siku kuchungulia. Fungua unapoanza kula. Mbegu ya msimu ujao weka kwenye bidoni yake ndogo ili njaa isikushawishi.

"Udongo si wetu"

Hili ndilo neno ninalolisikia kuliko yote, na si neno la kijinga. Baba mmoja aliniambia mbele ya watu, "Mama, mimi nangoja safari. Nikipanda juu ya ndege, mboji nitaifunga kwenye sanduku?" Watu wakacheka. Wengine wanasema tutarudi kwetu. Wengine wameona ploti ikipimwa upya na kupunguzwa.

Nilimjibu kwa hesabu tu. Mboji niliyoitia mwezi wa tisa, lenga-lenga yake niliila mwezi wa kumi, maharagi mwezi wa kumi na mbili. Singoji miaka kumi. Mpapai unaanza kuzaa kwa karibu mwaka mmoja. Kwa anayeogopa kuhamishwa, kuna bustani ya gunia: gunia la udongo na mboji, katikati nguzo ya mawe ya kupitisha maji, unapanda juu na ubavuni, unamwagilia kwa maji uliyooshea mboga. Likihamishwa linahamishwa nawe.

Sikumwambia habari ya mparachichi. Tulipopewa ploti hii tuliukuta mti wa parachichi kwenye kona, mkubwa, umeshaanza kuzaa. Aliyeupanda aliondoka kabla yetu. Majirani wengine wanasema alikuwa Mrundi, wengine Mnyarwanda, jina lake hakuna anayelikumbuka. Msimu ule rasheni ilipokatika, watoto wangu walikula parachichi na chumvi, mchana na jioni, karibu mwezi mzima.

Yule baba bado anangoja safari yake. Juma lililopita alipita kwangu kuomba majani ya kufunikia tuta. Moja tu, alisema, la kujaribu.

Wanaotaka kuanza kabla ya mvua ya Septemba, rundo la mboji lianze mwezi wa sita, si wa nane. Tunakutana kila Alhamisi saa tatu asubuhi kwenye shamba darasa. Waulizeni viongozi wa kijiji, watawaonyesha. Njooni na jembe, panga, na gunia la yale majani ya maua ya manjano. Wenye watoto wadogo waje nao. T-shirt hakuna.